UCHAMBUZI: Kazi ya likizo ng'ambo bila bima na benki ni kamari ya familia

KILA vyuo vikuu vinapofunga kwa likizo ndefu, kuna picha ambayo imezoeleka katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mwanafunzi amevalia koti jipya, mama amekumbatia mkoba, wajomba wanapigana vikumbo ili waonekane katika picha, na mchungaji anaombea safari.

Mkobani mna pasipoti, tiketi na barua ya mwajiri. Lakini muulize kijana huyo nani atalipia matibabu akivunjika mguu huko aendako, au mshahara wake wa kwanza utaingia katika akaunti gani, na aghalabu atakutazama tu.

Hapo ndipo penye pengo. Familia zetu zimekuwa hodari wa kuchangisha nauli na kutafuta viza, ila bado zinachukulia bima na benki kuwa mambo madogo ya kumaliziwa mbele ya safari. Ilhali hayo mawili ndiyo huamua iwapo kijana atarudi na akiba au ataachia jamaa zake deni.

Ni vyema kwanza kufafanua tunazungumzia safari ipi. Mataifa kadhaa tajiri yana viza maalumu kwa vijana wanaotaka kutalii na kufanya kazi kwa wakati mmoja. Australia ilianzisha yake mwaka 1975, na New Zealand, Canada na Uingereza zina mipango inayofanana nayo.

Mipango hiyo hutegemea maelewano baina ya serikali, na Kenya haimo katika orodha za nchi zinazohusika. Kwa hivyo, wakala anayekuahidi viza ya likizo na kazi ya Australia kwa pasipoti ya Kenya anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mlango ulio wazi kwa wanafunzi wetu ni ule wa Marekani unaojulikana kama Summer Work Travel, chini ya viza ya J-1. Mshiriki sharti awe mwanafunzi wa chuo nje ya Marekani, awe amekamilisha angalau muhula mmoja, na muda wa mpango huo hauzidi miezi minne.

Vijana hao hutumwa katika miji ya kitalii kama vile Wisconsin Dells, Ocean City katika jimbo la Maryland au Myrtle Beach katika South Carolina. Huko hutandika vitanda hotelini, huosha vyombo, hupokea wageni na kulinda waogeleaji.

Ni kazi halali na yenye malipo ya haja. Hata hivyo, kabla ya kufika huko, mzazi amelipa ada ya wakala, ada ya viza na nauli ya kwenda na kurudi. Kuna aliyeuza ng'ombe, kuna aliyechukua mkopo wa sacco, na kuna aliyepewa zamu yake ya chama mapema.

Maadamu pesa hizo ni za kukopa, miezi minne ya kazi ina jukumu la kulipa deni kwanza kabla ya faida yoyote kupatikana. Ajali moja au uzembe mmoja kuhusu akaunti unatosha kuvuruga hesabu yote.

Kanuni za bima

Habari njema ni kwamba sheria ya Marekani haimwachi mshiriki ajiamulie kuhusu bima. Kwa mujibu wa kanuni za Wizara ya Mashauri ya Kigeni ya nchi hiyo, zilizoanza kutumika Mei 2015, kila mwenye viza ya J-1 lazima awe na bima kwa muda wote wa mpango wake.

Bima hiyo inapaswa kugharamia matibabu ya hadi angalau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa. Inapaswa pia kutenga dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa hadi kwao, na dola 25,000 za kurejesha maiti nyumbani iwapo mshiriki atafariki.

Isitoshe, shirika linalomdhamini mwanafunzi linatakiwa kumwondoa katika mpango iwapo atakaa bila bima kwa kusudi. Akiondolewa, hawezi kuendelea kufanya kazi, na safari yake imefika ukingoni.

Mashirika mengi ya udhamini hujumuisha bima hiyo katika ada, na hapo ndipo wengi hulala usingizi wa pono. Husikia neno bima wakadhani kila kitu kimelipiwa. Hawaisomi hati yenyewe hadi siku wanapoihitaji.

Tuchukue mfano. Kanuni zinaruhusu mgonjwa ajilipie hadi dola 500 za kwanza kwa kila ajali au ugonjwa. Baada ya hapo, bima inaweza kumtaka achangie hadi asilimia 25 ya gharama inayosalia.

Tuseme mwanafunzi ameteleza akitoka kununua chakula, akavunjika mkono, na bili ya hospitali ikawa dola 12,000. Atalipa dola 500, kisha robo ya dola 11,500 zilizobaki, yaani dola 2,875. Jumla yake ni dola 3,375.

Kwa bei ya takriban Sh129 kwa dola, ambayo ilidumu kwa sehemu kubwa ya mwaka 2025, hizo ni zaidi ya Sh435,000. Na huyo ni mtu mwenye bima inayotimiza sheria! Asiye na bima angedaiwa zaidi ya Sh1.5 milioni kwa mkono huo huo.

Kuna bima ambazo mgonjwa hulipia dola 50 au 100 tu na kampuni ikalipa salio lote hadi kikomo chake. Tofauti ya bei kati ya bima ya aina hiyo na ile ya kiwango cha chini haiwezi kulinganishwa na deni la Sh435,000. Kwa hivyo, swali la kumuuliza wakala si tu iwapo bima ipo, bali mgonjwa atatoa kiasi gani mfukoni mwake.

Swali la pili linahusu yale ambayo bima haigusi. Hati nyingi huacha nje maradhi ambayo msafiri alikuwa nayo kabla ya kuondoka, matibabu ya meno yasiyotokana na ajali, na majeraha yaliyompata akiwa mlevi au akishiriki michezo ya hatari. Mwenye pumu au kisukari anapaswa kulijua hilo akiwa bado Nairobi, na abebe dawa za kumtosha pamoja na barua ya daktari.

Swali la tatu ni la majeraha ya kazini. Katika majimbo mengi ya Marekani, mfanyakazi anayeumia akiwa kazini hulipiwa na bima ya mwajiri wake ya fidia kwa wafanyakazi, wala si bima yake ya usafiri. Ni sharti amwarifu msimamizi mara moja na kwa maandishi. Kijana anayeficha jeraha kwa kuogopa kufutwa anaweza kupoteza haki hiyo, na bima yake ya usafiri pia ikakataa kumlipia.

Jambo la nne ni mahali pa kutibiwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye vitengo vya dharura kumhudumia aliye hatarini bila kujali uwezo wake wa kulipa. Wengi husikia hayo wakadhani matibabu ni ya bure. Sivyo. Mgonjwa huhudumiwa kwanza, halafu bili humfuata.

Kwa homa, tumbo au kidonda kisichotishia maisha, kliniki za kawaida huwa nafuu mno kuliko kitengo cha dharura, na baadhi ya bima humtoza zaidi anayekimbilia kitengo hicho pasipo sababu. Aidha, kampuni ya bima huwa na orodha ya hospitali ilizoafikiana nazo. Orodha hiyo ni ya kutafutwa mapema, kabla mtu hajaanza kutapika usiku wa manane katika mji asioujua.

Kuna wanaouliza mbona wajisumbue ilhali wanachangia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 1, 2024. Michango hiyo ina faida yake hapa nyumbani. Hata hivyo, mhudumu wa mapokezi katika kliniki ya Wisconsin hatakuwa na habari na SHA.

Lililo zito zaidi ni kifo. Hakuna mzazi anayependa kulitaja mwanawe akijiandaa kusafiri. Lakini Wakenya wanajua vyema mikutano ya michango inayoitishwa katika kumbi za makanisa na makundi ya WhatsApp mwenzao anapofariki ng'ambo, na maiti ikakaa mochari wiki nenda wiki rudi ikisubiri pesa.

Dola 25,000 zilizotajwa katika kanuni za J-1 ni zaidi ya Sh3.2 milioni. Familia yenye nakala ya hati ya bima na nambari ya simu ya kampuni husika inaweza kuanza kushughulikia msiba siku hiyo hiyo. Isiyo na nakala huanza kwa kutafuta nani anajua marehemu alikuwa na bima gani.

Kwa sababu hiyo, hati hiyo isisafiri na kijana peke yake. Nakala moja ibaki na mzazi, na nyingine na ndugu anayeweza kuzungumza na kampuni kwa simu.

Akaunti kabla ya mshahara

Tugeukie benki. Kosa la kwanza ni kusafiri na pesa zote zikiwa taslimu. Ingawa sheria ya Marekani hairuhusu mtu kuingia na zaidi ya dola 10,000 bila kuzitangaza kwa maafisa wa forodha, wanafunzi wetu hawafikii kiasi hicho. Hatari yao ni mwizi, au mkoba kusahauliwa kwenye basi.

Njia salama ni kugawa. Pesa za siku chache ziwe mkononi, nyingine ziwe katika akaunti ya Kenya yenye kadi inayokubalika kimataifa, na ikiwezekana kadi ya pili iwekwe mahali tofauti. Benki iarifiwe tarehe za safari, la sivyo mtambo wake unaweza kufunga kadi ukishuku kuwa imeibwa.

Laini ya simu nayo isipuuzwe. Benki zetu hutuma nambari za siri za muda kwa ujumbe mfupi. Anayeondoka bila kuwezesha laini yake kupokea ujumbe akiwa ng'ambo hujikuta na pesa katika akaunti asizoweza kuzigusa. Ni heri kuifanyia majaribio mapema na kuweka salio la kutosha.

Akiba hiyo ya mwanzo ni muhimu kwa sababu mshahara wa kwanza unaweza kuchukua wiki mbili au tatu kufika. Wakati huo wote kuna kodi ya chumba, amana ya nyumba, nauli na chakula. Asiyejipanga huanza kukopa kutoka kwa wenzake au kuitisha pesa nyumbani, na mzazi aliyetarajia kutumiwa anageuka kuwa mtumaji.

Akishafika, hatua ya mapema iwe kuomba nambari ya Social Security, ambayo mwajiri huihitaji kwa ajili ya mishahara na kodi. Nyingine ni kufungua akaunti. Sheria za Marekani zinaruhusu benki kumtambua mgeni kwa pasipoti, ingawa kila benki ina masharti yake. Baadhi hudai nambari ya Social Security, nyingine hukubali pasipoti, hati ya DS-2019 ya mpango wa J-1 na uthibitisho wa makazi.

Mwenye akaunti hulipwa moja kwa moja. Asiye nayo hupewa hundi, naye huishia katika maduka ya kubadilisha hundi ambayo hukata ada kila wiki ya malipo. Aidha, pesa zilizo katika benki iliyo chini ya shirika la FDIC hulindwa hadi dola 250,000 iwapo benki itaporomoka. Hapa kwetu, Shirika la Bima ya Amana (KDIC) hulinda hadi Sh500,000 kwa mteja.

Akaunti hiyo sasa ina faida nyingine. Katika sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025, Marekani iliweka ushuru wa asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nchi za nje, kuanzia Januari 1, 2026. Ushuru huo humwangukia anayelipa kwa fedha taslimu au hati kama hundi ya benki. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani, au kwa kadi iliyotolewa nchini humo, hatozwi.

Kwa anayetuma dola 2,000, ushuru huo ni dola 20, takriban Sh2,600. Si kiasi cha kumfilisi mtu, lakini ni nauli ya kutoka Nairobi hadi Kisumu na chenji, inayotupwa kwa kukosa akaunti tu. Na hiyo ni mbali na ada za kutuma na kiwango cha kubadilisha fedha, ambavyo ni busara kuvilinganisha kabla ya kubonyeza kitufe.

Kodi nayo ina mtego wake. Kwa kawaida, wenye viza ya J-1 katika mpango huu hutozwa kodi ya mapato lakini hawapaswi kukatwa mchango wa Social Security na Medicare, ambao ni asilimia 7.65 ya mshahara. Waajiri wengine huukata kwa kutojua. Kijana asiyesoma hati yake ya malipo hatatambua kamwe.

Mwaka ukiisha, mwajiri hutoa fomu ya W-2 inayoonyesha mapato na makato. Mwanafunzi anatakiwa kuwasilisha ripoti ya kodi kwa fomu ya 1040-NR kufikia katikati ya Aprili, na wengi hurejeshewa sehemu ya walichokatwa. Lakini wakati huo yeye yuko darasani Njoro au Maseno, na akaunti yake ya Marekani aliifunga siku ya kuondoka.

Tangu Septemba 30, 2025, serikali ya Marekani imekuwa ikiondoa malipo ya hundi za karatasi na kutaka marejesho ya kodi yapitie benki. Hivyo, ni busara kuuliza benki kabla ya kurudi iwapo akaunti inaweza kubaki wazi bila ada hadi marejesho yaingie.

Onyo la mwisho kuhusu benki ni hili: akaunti haiazimwi. Wapo matapeli wanaowaomba vijana wapokee pesa kwa niaba ya mtu fulani na kuzituma kwingine, wakiahidi kamisheni. Huo ni utakatishaji wa fedha, na jina litakaloonekana kwa wapelelezi ni la mwenye akaunti.

Nani ashike pesa?

Suala la benki lina sura nyingine hapa nyumbani, nalo ni mahali ambapo pesa za safari huwekwa kabla ya safari. Wakazi wa Uasin Gishu hawahitaji kukumbushwa. Mnamo Agosti 2023, wazazi na wanafunzi waliandamana Eldoret wakidai mamilioni ya pesa walizolipia mpango wa masomo wa Finland na Canada uliosimamiwa kupitia kaunti.

Kuamua nani alikosea ni kazi ya mahakama. Funzo kwa mzazi ni kwamba hata jina la afisi ya umma si dhamana tosha. Kabla ya kulipa, ajue akaunti ni ya nani, nani huidhinisha pesa kutolewa, na atarejeshewa kiasi gani viza ikikataliwa. Hayo yawe kwa maandishi, na risiti iwe ya benki.

Serikali nayo haiwezi kukaa kando. Imekuwa ikihimiza vijana watafute kazi katika mataifa ya nje, na mnamo Septemba 2024 ilitia saini mkataba na Ujerumani kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi. Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.94 mwaka 2024, kwa mujibu wa takwimu za Benki Kuu, Marekani ikiwa chanzo kikubwa zaidi.

Nchi inayovuna kiasi hicho ina wajibu wa kuwaandaa wanaokitafuta. Wafanyakazi wa nyumbani wanaokwenda Ghuba hutakiwa kupata mafunzo kabla ya kuondoka. Wanafunzi wa mipango ya likizo wengi hupata kikao kimoja cha wakala, na sehemu kubwa ya kikao hicho huhusu mahojiano ya viza.

Vyuo vikuu vinaweza kuziba pengo hilo bila gharama kubwa. Siku moja ya kusoma hati ya bima kipengele kwa kipengele, kufafanua hati ya malipo na kueleza namna ya kufungua akaunti ingewaokoa wengi. Waliokwenda na kurudi wapo vyuoni humo humo, na ndio walimu bora wa somo hilo.

Mawakala nao watakiwe kumpa mzazi nakala ya hati ya bima kabla hajamaliza kulipa, iandikwe bayana mgonjwa atajilipia kiasi gani. Anayekataa kufanya hivyo amejibu swali la iwapo anafaa kuaminiwa.

Kwa mzazi, kipimo ni chepesi. Kabla ya kukata tiketi, kaa na mwanao mezani na umtake akueleze kwa maneno yake mwenyewe: akiugua atapiga simu wapi, atalipa kiasi gani, mshahara utaingia wapi, na deni la sacco litaanza kulipwa lini. Akishindwa kujibu, safari haijaiva, hata kama viza imeshagongwa muhuri.

Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya safari hiyo harudi zizini kwa maombi na picha za uwanja wa ndege.